Majira ya Kwetu Darasani: Mwongozo wa Mwaka Mzima kwa Mwalimu wa Awali

Kuna picha utaikuta kwenye kuta za madarasa mengi ya awali: miti minne iliyopangwa mstari. Mmoja umechanua maua, wa pili umejaa majani, wa tatu majani yake yamekuwa mekundu, wa nne umebaki matawi matupu yenye theluji. Watoto huikariri vizuri tu. Lakini muulize mtoto huyo huyo kwa nini leo amekuja na matope mpaka magotini, au kwa nini mama yake ameacha kuuza embe na sasa anauza machungwa, atakutazama tu. Hakuna aliyemwambia kwamba hayo ndiyo majira.

Mtoto wa awali anakaa nasi mwaka mmoja kabla ya kuingia darasa la kwanza. Maana yake anayazunguka majira yote pamoja nawe mara moja tu. Ukiyaacha masika yapite, yamekwenda. Ndiyo sababu nimeuandika mwongozo huu kwa kufuata mwaka mmoja wa sehemu moja, Muheza mkoani Tanga, ninakofundisha. Kwako miezi na matunda vitabadilika, lakini hatua utazitumia vilevile.

Kabla shule hazijafunguliwa: kalenda ya majira

Chukua daftari utoke. Mtafute mkulima mtu mzima, mama muuza matunda sokoni, na kama uko karibu na bahari, mvuvi mmoja. Waulize mambo matatu: mvua huanza na kukatika lini, tunda gani huingia sokoni wakati gani, na mdudu au ndege gani huonekana lini. Saa moja ya mazungumzo hayo itakupa azimio la kazi ambalo hutalipata kwenye kitabu chochote.

Kwetu majibu yalikuwa hivi. Januari na Februari ni kiangazi, joto kali na upepo wa kaskazi, na embe ziko ukingoni. Machi hadi Mei ni masika, mvua kubwa. Juni hadi Agosti ni kipupwe: asubuhi za baridi, upepo wa kusi, machungwa yamejaa barabarani. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua ndogo, na embe zinarudi. Septemba iko katikati, kavu.

Kalenda hii usiichukue ilivyo kama unafundisha Dodoma au Singida. Huko msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kwa hiyo mwalimu wa huko anafungua shule Januari nje kukiwa kijani kibichi, wakati mimi nafungua na vumbi. Mtwara na Lindi, mabibo na korosho ndivyo vitakavyokuonyesha kwamba mwaka unaelekea mwisho. Pemba, mtoto anajua msimu kwa harufu ya karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi.

Ukishapata majibu, chora duara kubwa kwenye manila, uligawe vipande kumi na viwili, na kila kipande ukichore kitu kimoja tu kinachojulikana hapo ulipo: embe, tone la mvua, chungwa, kumbikumbi. Weka mshale wa boksi katikati unaozunguka. Libandike kwenye kimo cha macho ya mtoto. Nimeona chati nzuri mno zimebandikwa juu karibu na dari, na watoto wa miaka mitano hawawezi hata kuzigusa.

Ramadhani na Idi usizichore ndani ya duara. Mwezi mwandamo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo ukizichora utakuwa umewafundisha kosa. Zitengenezee kadi pembeni inayohamishwa. Na katika mwezi huo, shughuli za kuonja matunda zipange kwa adabu, kwa sababu hata watoto wadogo wengine hujaribu kufunga nusu siku.

Wiki ya kwanza: chagueni mti mmoja

Toka na watoto uwanjani mchague mti. Kwetu ni mwembe. Mkiwa na mkorosho, mkwaju au mzambarau, sawa, muhimu ni mti unaobadilika wazi kwa macho. Mtautembelea siku moja kila wiki, siku ileile, dakika kumi na tano, mwaka mzima.

Kila ziara ina kazi tatu. Watoto waguse: gome, jani, utomvu ulioganda. Waangalie: kuna nini kipya tangu wiki iliyopita? Kisha wakirudi darasani wachore. Michoro ihifadhi kwa kila mtoto kwenye bahasha yake, na kila mchoro uandike tarehe. Wakati wa embe changa waonye kuhusu utomvu wa kikonyo, maana hubabua ngozi ya mdomo na mikono.

Miezi ya kwanza utaona kama hakuna kinachotokea. Vumilia. Kipupwe mwembe hutoa maua, nyuki wanakuja, uwanja wote unanukia, na watoto waliouzoea mti tangu Januari ndio watakaokimbia kukuita.

Dakika kumi za kila asubuhi

Baada ya salamu na ukaguzi wa usafi, watoto wawili wa zamu watoke nje wakatazame anga. Wakirudi waeleze kwa maneno yao, kisha wabandike alama kwenye chati: jua, wingu, mvua au upepo. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kuwa na subira ya kweli. Akisema "kuna jua," muulize, "Jua la namna gani?" Kiswahili kina maneno mengi mno ya hali ya hewa kumwachia mtoto manne tu. Mpe manyunyu, rasharasha, mawingu mazito, ukungu, umande, radi, ngurumo, fukuto, upepo mwanana. Mtoto anayesema "leo kuna fukuto, mvua itakuja" ameunganisha alichohisi na kinachofuata, na hiyo ni sayansi tayari. Wazee walilisema kwa ufupi, dalili ya mvua ni mawingu.

Kiangazi: maji yanakwenda wapi?

Watoto wako wapya, wengine bado wanalia mlangoni. Shughuli za kiangazi ziwe nyepesi na za maji.

Gawa vikopo vya maji na vipande vya kumbi la nazi, uwaambie wapake ukuta wa nje kama mafundi rangi. Watapaka, na kabla hawajamaliza, mwanzo utakuwa umekauka. Usieleze kitu. Uliza tu, "Maji yamekwenda wapi?" Mmoja atasema ukuta umeyanywa, mwingine jua limeyachukua. Andika majibu yote ubaoni, pamoja na majina yao.

Kesho yake lowesha vitambaa viwili vinavyolingana, kimoja anika juani, kingine kivulini. Waende kuvigusa kila baada ya muda. Siku ya tatu mwaga maji kidogo kwenye saruji, mzungushie dimbwi chaki, mrudi baada ya uji mkazungushie tena. Baada ya siku hizo tatu, rudi kwenye majibu ya kwanza, uwaulize nani bado anasema ukuta umeyanywa. Wengi watajisahihisha wenyewe.

Kwa upepo, funga nyuzi za ukindu kwenye kijiti kirefu mkichomeke uwanjani. Watoto waonyeshe kwa mkono upepo unatoka wapi. Weka alama, maana mtaihitaji Juni, kusi itakapokuja kutoka upande mwingine.

Masika: hapa usiharakishe

Masika ndiyo majira yenye mengi zaidi kwa mtoto mdogo, na ndiyo tunayoyapoteza kwa kuwafungia ndani. Nitaeleza kwa urefu.

Kwanza, kipima mvua. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyonyooka ubavuni. Ikate sehemu ya juu, pale inapoanza kuwa nyembamba. Weka kokoto chini ili isianguke, mimina maji mpaka yazifunike na yafike pale ubavu unaponyooka, uchore mstari: hapo ndipo sifuri. Kile kipande cha juu kigeuze, kiingize mdomoni kama faneli. Ichimbie kidogo mahali pa wazi, mbali na paa na mti. Kila asubuhi saa mbili mnaitazama, kisha mnarudisha maji kwenye mstari.

Sasa, mtoto wa miaka mitano hasomi milimita, wala hahitaji. Mpe ukanda wa karatasi ya buluu. Ausimamishe kando ya chupa, chini ukianzia kwenye mstari wa sifuri, wewe uweke alama pale maji yalipofika, yeye akate kwa mkasi. Ukanda huo unabandikwa kwenye manila chini ya tarehe ya siku hiyo, ukining'inia. Siku isiyo na mvua inaachwa wazi. Baada ya wiki mbili ukuta wako utakuwa na kanda ndefu na fupi, na watoto watasimama mbele yake bila kuitwa: "Hii ndefu ni siku ile tuliyolowa!" Hapo wanalinganisha, wanahesabu, wanasoma chati. Darasa la kwanza watakapokutana na takwimu kwa michoro, watakuwa wameshaishika kwa mikono yao.

Pili, sauti. Mvua ikipiga mabati hakuna atakayekusikia, basi usishindane nayo. Wakae kimya wafumbe macho, wasikilize. Ikipungua, waiige: kidole kimoja kwenye kiganja, viwili, vitatu, mikono yote, mapaja, miguu sakafuni, kisha warudi nyuma mpaka kidole kimoja. Kuhesabu kwenda mbele na kurudi nyuma kumo humo ndani. Ngurumo zikiwa karibu, wote ndani, na hakuna kusimama chini ya mwembe. Waambie sababu.

Tatu, matope. Yapeni jina lake sahihi: udongo wa mfinyanzi unashikana, mchanga unamwagika, tifutifu uko kati. Weka mabeseni matatu wajaribu kufinyanga kwa kila mmoja, waone upi unatoa mpira usiopasuka. Kwa ule unaoshikana, wavingirishe nyoka, na nyoka awe herufi: m ya mvua, u ya udongo. Vidole vinavyovingirisha udongo ndivyo vitakavyoshika penseli.

Nne, wadudu na uyoga. Jongoo, konokono na kumbikumbi hujitokeza bila gharama. Jongoo mmoja kwenye sinia anatosha somo zima: ana miguu mingi, lakini anatembeaje bila kujikwaa? Wamguse kwa unyoya, waone anavyojikunja, kisha mrudisheni mlipomtoa na wote wanawe mikono kwa sabuni. Uyoga ni wa kutazamwa tu. Fundisha kitendawili, "Nyumba yangu ina nguzo moja," na mara moja ufuatishe na katazo la kuuchuma, kwa kuwa mtoto hawezi kutofautisha wa kula na wa sumu.

Tano, mbegu. Wahenga walisema mvua za mwanzo ni za kupandia, kwa hiyo usingoje Mei. Kila mtoto awe na kopo lake lenye jina lake, limetobolewa chini. Wengi hujifunza kutambua jina lao hapo, kwa sababu wanatafuta mche wao. Kunde na maharage ndizo bora, mbegu kubwa, na huchomoza ndani ya wiki moja. Nyingine chache zipange kwenye gilasi ya kioo, kati ya kioo na pamba mbichi, ili waone mzizi ukishuka kabla jani halijapanda. Watoto wangu walibishana siku mbili kama mbegu imekosea njia.

Tahadhari moja ninaitoa kwa uchungu. Mwaka mmoja mtoto alijiingiza punje ya kunde puani nilipogeuka kuandika ubaoni. Nilijaribu kuitoa kwa ncha ya kalamu, ikazidi kuingia. Tukaishia zahanati. Mbegu ikikaa mahali pabichi huvimba, kwa hiyo usiichokonoe na usisubiri, mpeleke mtoto kwa mtaalamu mara moja. Tangu hapo ninagawa mbegu mbili mbili, ninazihesabu zikitoka na zikipandwa.

Na kila Ijumaa mwageni maji yote yaliyotuama kwenye makopo, vifuu na matairi. Wafanye watoto wenyewe, wakijua kwamba humo ndimo mbu wanamotaga.

Kipupwe: chungwa la kijani na kivuli

Kwenye vitabu chungwa lina rangi ya chungwa. Mtoto wa Muheza anajua la kijani, na ni bivu, tena tamu. Usimkosoe anapolipaka rangi ya kijani! Ganda la chungwa hupoteza ukijani pale usiku unapokuwa wa baridi ya kutosha. Usiku wetu wa pwani hauna baridi hiyo, ndiyo maana letu huiva likiwa bado kijani. Mweleze hivyo kwa maneno mepesi, na umsifu kwa kuchora alichokiona.

Nunua machungwa kumi. Kabla ya kukata, wayanuse, wayapime mkononi, wayapange kwa ukubwa. Kisha moja likate kwa upana, jingine kwa urefu. Waulize kabla kisu hakijapita: ndani kutakuwaje? La upana linaonyesha nyota, na hapo darasa hulipuka. Wahesabu vipande, kisha kokwa, wawili wawili. Unapofika wakati wa kuonja, toa maneno: tamu, chachu, gwadu, chungu kwa ganda. Likitokea limao sokoni, lilete nalo, wajue tofauti ya uchachu na uchungu kwa ulimi wenyewe.

Halafu fungueni genge. Visoda ndiyo pesa, machungwa ya udongo mliyofinyanga masika ndiyo bidhaa, nayo yanauzwa kwa mafungu ya matano. Hakuna njia bora ya kufundisha makundi ya idadi, na watoto wa wauza matunda, ambao mara nyingi huwa kimya kwenye masomo mengine, ndio watakaoongoza. Mkaribishe mama mmoja muuzaji aje aonyeshe anavyopanga. Watoto wamwamkie, "Shikamoo mama," na wamuulize maswali wenyewe.

Asubuhi za kipupwe zina umande. Wapitishe kwenye nyasi kabla jua halijawa kali, waguse, wajiulize nani amemwagilia usiku bila mvua.

Kivuli kinahitaji siku moja sasa na nyingine mwishoni mwa mwaka. Saa nne asubuhi simamisha kijiti cha urefu wa meta moja, mpige mstari juu ya kivuli chake kwa rangi isiyofutika. Kwa sisi tulio kusini kidogo ya ikweta, Juni jua hupita upande wa kaskazini, hivyo kivuli cha asubuhi huelemea magharibi na kusini. Desemba, saa ileile, kitaelemea magharibi na kaskazini. Kama shule itafungwa mapema Juni, fanyeni kabla ya likizo, na cha pili mwishoni mwa Novemba. Watoto hawatajua sababu, na usijitahidi kuwaeleza habari za sayari. Inatosha waone kwamba mstari umehama wakati kijiti hakikuhama.

Vuli

Vuli ni fupi na mara nyingine haitabiriki, kwa hiyo usiipangie mengi. Rudisheni kipima mvua, mbandike kanda za vuli chini ya zile za masika. Pandeni mchicha kwenye tuta dogo nyuma ya darasa: huota upesi, na baada ya wiki tatu au nne mnachuma, ukapikwe kabla ya kufunga shule. Embe changa zikianguka, zipangeni kutoka ndogo hadi kubwa kila wiki, na neno la msimu ni ukakasi.

Ukiwa na watoto sitini

Najua wengi wetu tuna sitini au zaidi, na zana hazitoshi. Gawa darasa makundi manne yenye majina ya msimu: Masika, Kipupwe, Vuli, Kiangazi. Kila siku kundi moja lifanye shughuli yenyewe, yaani lipime mvua, lipande, lifinyange. Mengine matatu yawe na kazi ya kuchora, kuhesabu visoda au kusikiliza hadithi. Mwisho wa kipindi kundi lile liwasimulie wenzao. Kusimulia huko ndiko kunakokuonyesha nani ameelewa, kuliko jaribio lolote la kuzungushia duara.

Kwa tathmini, beba daftari dogo na kila siku andika sentensi moja ya watoto watatu, kama walivyoisema. Machi mtoto atasema, "Mvua imekuja." Kufikia Novemba utamsikia akisema, "Upepo umegeuka, mama ameanua mahindi kwa sababu mvua inakaribia." Linganisha sentensi hizo mbili mbele ya mzazi siku ya kikao, pamoja na michoro ya mwembe iliyo kwenye bahasha. Wazazi wasiosoma huelewa mara moja, na wengi huanza kuleta vitu: mbegu za kwao, kiota kilichoanguka, kipande cha mzinga.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Desemba, toeni kanda za mvua ukutani pamoja na manila yake, mzikunje, muandike mwaka kwa nyuma. Ziweke juu ya kabati. Machi ijayo zibandike kando ya manila mpya tupu, ili watoto wapya waone mvua iliyowanyeshea kaka na dada zao, na waanze kuisubiri ya kwao.